Ijumaa ya Vigelegele

Dafroza aliuma upindo wa kitenge chake ili kicheko kisitoke nje ya jiko. Simu mkononi haikuacha kutetema.

Ilikuwa Ijumaa ya Vigelegele. Katika kundi la WhatsApp la Kalamu za Ruvubu, lenye waandishi wa Ngara na Biharamulo, siku hiyo hakuna kukosoa. Kazi ya mwanachama inawekwa, wengine wanaisherehekea basi. Na kwa mara nyingine wote walikuwa wameidai kazi ileile: "Mama Kidole", hadithi ya Dafroza kuhusu mama mkwe anayechovya kidole katika kila sufuria.

"Haya maharage yamepikwa, au yametishiwa moto tu?" aliuliza Mama Kidole katika sehemu ya leo.

Muuguzi mmoja wa Biharamulo alipiga vigelegele kwa ujumbe wa sauti mpaka pumzi ikamkatika. Dereva wa lori aliyeegesha Lusahunga aliandika kwamba ametemea usukani chai. Mwalimu Rogasian, msimamizi wa kundi, alimwaga fataki, ngoma na makofi hadi skrini ikajaa.

Dafroza akashindwa. Akacheka kwa sauti.

"Kuna nini huko jikoni?" aliita Clotilda, mama mkwe wake, kutoka sebuleni.

"Moshi, mama."

"Siku hizi moshi unachekesha?"

Dafroza alipuliza kuni kwa nguvu. Alimsikia Clotilda akikohoa, akakohoa tena, kikohozi kirefu cha kukata mbavu.

"Kweli," alisema mama mkwe, "umefika hadi huku."

Yale maneno ya maharage Dafroza hakuyatunga. Clotilda ndiye aliyeyasema, palepale jikoni, juzi tu. Felisiani, mume wa Dafroza, anayeziba matairi ya malori Lusahunga na kurudi nyumbani Kibimba mwisho wa juma, alisoma sehemu moja na hakucheka hata kidogo.

"Mama akiyaona haya, utarudi kwenu Mugoma na begi lako," alimwambia. "Tena mimi ndiye nitakayetumwa kulibeba."

Dafroza alitaka kuacha. Lakini tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumuuliza, "Halafu ikawaje?" Sasa watu asiowajua walimuuliza kila siku, na aliyeuliza kuliko wote alijiita Kipepeo.

Kipepeo hakuwa na picha wala hakutuma sauti. Aliandika tu, mara nyingi kwa Dafroza peke yake.

"Mimi pia naishi na mkwe nyumba moja," aliandika siku ya kwanza. "Nakuelewa. Usimhurumie huyo mama, muongezee makali!"

Tena alileta vituko vyake mwenyewe. Mama Kidole afiche chumvi, alishauri, halafu mezani alalamike kwamba chakula hakina chumvi.

"Jamani!" Dafroza alimjibu. "Hata wangu hajafikia huko."

"Mpe muda," aliandika Kipepeo.

Hadithi ilipokaribia mwisho, kundi likaamua kwamba vigelegele vya kwenye simu havitoshi. Wakutane ana kwa ana, katika ukumbi mmoja wa Ngara mjini, Dafroza awasomee sehemu ya mwisho kwa mdomo wake. Kipepeo aliahidi kuja na zawadi. Kwa furaha, Dafroza akamtumia sehemu hiyo yeye peke yake kabla ya wengine.

Siku ilipofika, alivaa gauni la Pasaka.

"Naenda kwenye mkutano wa vikoba, mama."

"Ego, haya, nenda mwanangu," alisema Clotilda bila kuinua kichwa. "Mimi nabaki na mbuzi."

Ukumbini kulikuwa kama harusini. Watu waliokuwa majina tu kwenye simu walikumbatiana wakipiga kelele. Muuguzi wa Biharamulo alipiga vigelegele hata kabla hajasalimia. Dafroza alipanda jukwaani, akasoma, na kila baada ya sentensi mbili alilazimika kusubiri watu wamalize kucheka. Mwanamume mmoja alikuwa ameinama, amejishika tumbo, anaomba huruma. Dafroza hakuwahi kujisikia hivyo maishani, mwepesi kama anayetaka kupaa.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguliwa.

Clotilda aliingia, amevaa nguo zake za kanisani, akaketi kiti cha mwisho, akamtazama.

Dafroza akakatisha sentensi. Aliona begi lake. Aliona barabara ya Mugoma.

"Endelea!" watu walipiga makofi. "Halafu ikawaje?"

Aliendelea, lakini si kwa yaliyoandikwa. Palipoandikwa kwamba Mama Kidole alinuna kama chura aliyemeza ndimu, alisoma kwamba alitabasamu. Palipoandikwa kwamba alimfungia mkwewe nje kwenye mvua, alisoma kwamba alimpa mwavuli. Kicheko kikapungua, kikafa. Watu wakatazamana. Dafroza akafika mwisho kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba, huku macho yake yakitafuta mlango mwingine.

Clotilda hakuwa akimtazama tena. Alikuwa ameinamia simu yake, ameikunjia uso.

Mwalimu Rogasian alisimama kushukuru, na simu yake ikalia. Akaisoma, akashangaa, akashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu, kumbe Kipepeo yumo humu ukumbini! Ameniandikia sasa hivi. Anauliza kwa nini msomaji anaruka mistari mitamu."

Vichwa vyote viligeuka. Kule nyuma, Clotilda alikuwa ameshasimama, kitenge kipya kikiwa kimekunjwa kwapani, anasukuma viti.

"Nipisheni," alisema. "Mkwe wangu ananisubiri."