Mwavuli

Ngumi ya kwanza ilimpata daktari mdomoni, na nyuma ya kioo watu wawili wakatazamana kwa kuridhika.

"Ameingia bila hodi," alisema profesa mgeni, akifuta miwani yake. "Mwanzo mzuri."

"Waigizaji wetu hawana mchezo, Profesa," alijibu mkuu wa kitivo, akimsogezea kahawa.

Upande wao kilikuwa dirisha; upande wa daktari kilikuwa kioo cha kujitazamia tu, ingawa alijua anatazamwa. Vyuo vikuu vyao viwili vilikuwa vinaanza awamu ya pili ya utafiti wa dawa ya watoto, na kila aliyeomba kuongoza wodi mpya alipitishwa hapa: akae chumbani na mzazi wa kuigiza, aliyefiwa na mtoto, asimkimbie. Akizidiwa, alikuwa na neno moja. Akitamka "mwavuli," mlinzi aliyesimama mlangoni angeingia, na mambo yangeishia hapo. Wodi nayo ingekwenda kwa mwingine. Juzi muuguzi mkuu aliomba mwavuli mama wa kuigiza alipobamiza tu meza.

Mle ndani, yule baba alimkwida daktari kola akamgandamiza ukutani.

"Binti yangu alipata dawa au maji?"

"Sijui." Damu ilimchirizika daktari kidevuni.

"Si ulimchoma wewe!"

"Nilimchoma mimi. Nusu ya watoto walipata dawa, nusu maji matupu. Sisi tunaochoma hatuambiwi kilichomo."

Ngumi ya pili ilimpindisha shingo.

"Binti?" Profesa alikunja uso. "Si tuliandika mvulana?"

"Hawa ukiwapa shubiri huchukua pima."

"Na ile damu?"

"Rangi hiyo. Huificha kiganjani."

Baba aliinua kiti cha chuma, akakishusha begani kwa daktari. Kitu kilivunjika kama ukuni mkavu, na spika ya ukutani ikauleta mlio wote, mpaka kahawa ikatikisika vikombeni.

"Tulikubaliana kofi moja la uongo," mkuu wa kitivo alisema taratibu. "Nitasema naye baadaye."

"Usimkatize. Mtazame daktari anavyostahimili."

Daktari alikuwa ameinuka kwa kushikilia meza. Mkono mmoja ulining'inia kama wa shati lililoanikwa.

"Ulisema angekuwa wako ungemtia kwenye utafiti huu," baba alisema. "Sema kwamba ulisema!"

"Nilisema."

"Kidoti wangu alikuwa akichezea saa yako, ukimtafuta mshipa. Hakulia hata siku moja. Ananiambia, baba, daktari ana saa inayowaka."

Daktari aliivua saa kwa meno na kuiweka mezani. Baba aliikodolea macho. Kisha akamshika daktari kisogo na kuugongesha uso wake juu ya ile saa, akaugongesha tena, na tena, mpaka vipande vya kioo cha saa vikamnasa kwenye paji.

Profesa aliandika, akisoma kwa sauti ya chini: "Hajitetei. Hakwepi swali." Akainua kalamu. "Huyu si ndiye anayetuandikia kila mara tumwambie nani alipata nini?"

"Ndiye. Nimechoka kumwambia mvumilivu hula mbivu."

"Na aendelee kuvumilia. Majibu ninayo mimi peke yangu." Alipapasa mkoba wa kompyuta uliokuwa mapajani mwake. "Utafiti ukiisha, kila mtu atajua."

Chumbani, baba alifungua mkanda wa suruali yake. Aliuzungusha shingoni mwa daktari, akamwekea goti mgongoni, akavuta. Visigino vya daktari vilipiga sakafu. Jino lilimtoka, likaviringika hadi chini ya meza, na uso wake uliovimba ukageuka polepole kuelekea kwenye kioo.

"Asitazame huku," mkuu wa kitivo alisema. "Anajipunguzia alama."

Midomo ya daktari ilianza kucheza.

"Sasa atalitamka," profesa alisema, akaongeza sauti ya spika.

Mlango wa nyuma yao ulifunguka. Dada wa mapokezi aliingia na mwanamume aliyelowa jasho, kofia mkononi.

"Samahanini sana, wakubwa," mwanamume alihema. "Tairi limepasuka njiani, nimekuja mbio kwa miguu. Yule baba mkali ni mimi. Bado nahitajika?"

Dada wa mapokezi alikuwa anatazama dirishani, kiganja kinywani.

"Yule nilimkuta nje ya lango analia," alisema. "Nikajua ndiye, anajitayarisha. Nikamwambia apite haraka, anangojewa."

Mkuu wa kitivo alisogea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. "Sema mwavuli," alinong'ona. "Sema tu, mwanangu. Wodi ni yako."

Mle ndani mkanda ulilegea kidogo, kama vile aliyeushika anataka kusikia. Sauti ya daktari ikatoka kwenye spika, imekwaruza lakini imetulia, kama ya mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Baba Kidoti," alisema, "wanaojua wako nyuma ya hicho kioo. Chukua kile kiti."