Paa la Nusu

"Mimi nikichagua kitu, kaka, naangalia familia kwanza," Delfin alimtambia fundi, kifua mbele kama jogoo wa mashindano.

Mvua ya Baguio, mji wa milimani Ufilipino, ilitwanga mabati ya gereji. Mbele ya Delfin palikuwa na mapaa mawili magumu ya faiba, yote saizi ya jipu lake la Suzuki la kupandia milima. Moja zima, la kufunika mpaka kiti cha nyuma. Jingine la nusu, la kufunika wa mbele tu, nyuma wazi, la kibishoo hasa.

Nyuma ndipo anapokaa mama mkwe akipelekwa kliniki na kifua chake kibovu. Ndipo pia anapomkosoa Delfin kila kona.

Delfin akalipapasa la nusu. Laini kama yai.

"Nifungie hili."

"Na mama mkwe mgonjwa?" fundi akacheka. "Utampa mwavuli?"

"Apande basi. Huko atapata wengi wa kuwakosoa."

Simu ikalia. Alikuwa mkewe; Delfin akamwahi:

"Mpenzi, mazima yameisha! Nimebembeleza weee, wapi! Yamebaki ya nusu tu. Mama nitamweleza mwenyewe, taratibu."

Alipokata simu, fundi alikuwa hacheki tena. Delfin akageuka.

Mama mkwe alikuwa amesimama karibu na lile paa zima, shali imemlowa, kiganja chake juu ya faiba.

Akakohoa, kisha akamnyooshea mkono wa kulia, kama kila wakutanapo, mkwewe auinamie na kuugusisha kwenye paji lake la uso kwa heshima.

Delfin akainama. Mkono ulikuwa baridi, na mama mkwe hakuwa na haraka ya kuuondoa.