Utumbo wa Ukweni

Mwanasiti amekuja kwangu kujifungua mimba yake ya kwanza, kama ada ilivyo, na sasa siku ya nne ananikondea machoni. Anakula sahani mbili za wali wa nazi kwa samaki wa kupaka, analamba vidole, lakini chakula kinapita tu. Siku hizi msichana akiolewa, utando wa ndani ya utumbo wake husajiliwa kwa jiko la wakwe, na chakula cha jiko jingine haukipokei.

Nilikwenda ofisi ya usajili kulalamika. Karani akanionyesha mchoro wa njia ya chakula.

"Mama, kinywa na koo vina utando mgumu wa tabaka nyingi, huo hatuugusi. Ndiyo maana bado anaonja ladha ya chakula chako. Utumbo una safu moja tu ya seli, na kila baada ya siku tano hivi hujifanya upya. Hizo seli mpya ndizo zinazofuata jiko la kwa mumewe."

"Basi za kesho zifuate langu! Nimemlisha miaka ishirini na miwili!"

"Mpaka mama mkwe wake, Bi Saumu, aweke dole gumba kwenye fomu ya kukubali."

Bi Saumu amekataa. Ametuma sufuria ya maharagwe, hata chumvi hayana.

Leo nimepakua wali wangu kwanza. Mwanasiti ametafuna polepole, macho ameyafumba.

"Mtamu, mama."

Kisha mtoto akampiga teke. Akashika tumbo, akanisogezea sahani tupu bila kunitazama.

Nikafunua sufuria ya Bi Saumu, nikampakulia kwa upawa wangu.