Amosi Afa kwa Mara ya Kwanza

Walikuwapo mwongozaji Teodori, mpiga picha, Vernoni aliyeigiza shujaa, punda mmoja, na mzee Amosi. Katika kila filamu ya wachunga ng'ombe, Amosi ndiye aliyekuwa rafiki wa shujaa, yule anayeanguka kutoka mgongoni mwa punda ili watu wacheke. Leo alipewa onyesho la kufa, naye alitamani walau mara moja watu wamlilie.

Bunduki ililia. Amosi akaanguka taratibu, kwa heshima zote. Punda, kama Amosi mwenyewe alivyomfundisha katika filamu zilizopita, akasogea, akamvua kofia kwa meno, akaanza kuitafuna. Mpiga picha akaangua kicheko. Vernoni akafunika uso.

“Tumfunge punda, Mzee, turudie?” aliuliza Teodori, akijifuta macho.

Amosi aliketi vumbini, asijue kama amekiharibu kifo chake au amekipatia.

“Vernoni, mwanangu, unalia au unacheka?”

“Hata sijui, Mzee. Mabega yanatikisika tu.”

Amosi aliitazama kofia ikizidi kupungua mdomoni mwa punda. Kisha akajilaza tena palepale alipoangukia.

“Msimfunge,” akawatangazia wote. “Nitakufa hivi hivi.”