Ncha za Shuka

Mjini kwetu watu huishi kwa zamu. Mimi ni wa mchana, mume wangu Makame ni wa usiku. Yeye akiamka, mimi nameza kidonge nalala. Kitanda ni kimoja, lakini macho yetu hayakutani. Wawili wa zamu tofauti wakiwa macho pamoja, taa ya mlangoni inawaka nyekundu na kuwachongea, kisha mmoja wao anahamishiwa mji mwingine.

Basi Makame hufua na kuanika, mimi huanua na kukunja. Nguo zote nazimudu isipokuwa shuka la sita kwa sita, maana hilo linataka watu wawili. Kwa hiyo humfumbatisha Makame ncha mbili hivyo hivyo usingizini, nami nashika zile nyingine.

Zamani, tulipokuwa zamu moja, alikuwa akilivuta ghafla mpaka namwangukia kifuani.

"Unakwenda wapi?" akiniuliza huku akicheka.

"Makame wee, nguo zitachafuka!"

Leo nilipolikung'uta, shuka likavutwa.

Kidogo tu. Nikamtazama. Kope zilikuwa zimefumba, lakini pembeni mwa mdomo palikuwa na kicheko alichokuwa akikibana. Kule mlangoni taa ikaanza kupepesa.

"Lala, mume wangu," nikamnong'oneza. "Lala, nakuomba."

Nikaanza kumfumbua vidole, kimoja kimoja, aliachie shuka. Kila nilichokifumbua kiling'ang'ania changu, nami, Mungu anisamehe, sikuwa na haraka.