Shahidi wa Panya Buku

Zamani hizo Nguchiro alichimba shimo la kubashiri. Unatumbukiza karanga, unataja ndege atakayetua kwanza kichuguuni, na ukipatia unabeba karanga zote. Panya Buku alibashiri msimu mzima, akakosa msimu mzima, na kila asubuhi Nguchiro alimlaki, "Karibu, Buku, ndugu yangu!"

Siku moja Buku alitaja korongo, na korongo akatua. Alipokimbilia shimoni akakuta limezibwa kwa jiwe.

"Tumekufungia kwa uchunguzi," Nguchiro akasema. "Nitajuaje kama wewe ndiye Buku? Lete shahidi anayekujua."

Buku akaenda kwa jirani yake, Nungunungu. Nungunungu akamtazama sana. "Buku niliyemjua mimi asingekosa matanga ya mama yangu. Wewe sikujui." Buku akaenda kwa dada yake mwenyewe, akakuta alishahama tangu masika, majani yameota mlangoni.

Jioni akarudi shimoni. "Bwana Nguchiro, nimezunguka kote. Anayenijua ni wewe peke yako."

"Kweli kabisa. Lakini siwezi kuwa hakimu nikawa shahidi pia. Jiwe halitoki."

Buku akageuka kuondoka, asijue aende wapi.

"Ila kuweka karanga hakuhitaji shahidi," Nguchiro akamwita, akimwonyesha kitundu kando ya jiwe. "Karibu, Buku, ndugu yangu."

Kutwa nzima hakuna mwingine aliyemwita ndugu. Buku akapapasa shavuni, akatoa karanga yake ya mwisho, akaitumbukiza.