Asumini za Foleni

Zamda alikuwa akipanga maua ya asumini kwenye bakuli la kioo, apate pambo la katikati ya meza ya kulia, alipoona ua moja lina kitundu.

Akaokota la pili. Nalo lina kitundu. Akayamwaga yote juu ya kitambaa cha meza, akayageuza moja moja. Kila kikonyo kilikuwa kimepitishwa sindano, na ukingo wa tundu umeshageuka kahawia.

Asumini haitobolewi bure. Hutungwa, ikavaliwa na mwanamke.

"Haya maua umesema umenunua wapi?"

"Hapo hapo sokoni, mke wangu," mumewe akajibu, akijipepea na gazeti. "Nimesimama foleni ya sukari tangu alfajiri, duka la ushirika likafungwa. Nikaona nisirudi mikono mitupu."

Zamda akatia uzi kwenye sindano, akayatunga yote kwa kupita matundu yale yale. Hakutoboa jipya hata moja. Akalizungusha shada kwenye bakuli, kisha akaweka sahani tatu.

"Kwani tuna mgeni?"

"Aliyeyatunga kabla yangu," Zamda akasema. "Kamwite, wali unapoa."